Boti Iliyozama Kwenye Pamba

Nianze na aibu, ili anayetaka kucheka acheke mapema tuendelee. Ni kweli, nilizamisha boti Bariadi. Bariadi hii hii, ambako maji tunapanga foleni na ndoo. Ilizama pua mpaka kiunoni, mchana kweupe, mbele za watu, na haikuzama kwenye maji. Ilizama kwenye pamba.

Tangu nirudi kila mtu ananiuliza, na kila mtu ana habari yake. Huyu kasikia nilipiga kasia barabarani. Yule kasikia nilisimama mbele ya trafiki nimevaa bukta nyekundu. Bukta ilikuwepo, lakini sikuwa nimeivaa mimi. Sasa naandika mara moja basi. Aliyesoma kuliko mimi, yaani yeyote aliyepita darasa la tano, anirekebishie maandishi, habari aiache kama ilivyo.

Dada yangu Kabula ameolewa Kalemela, kule ziwani, na mume wake ni shemeji yangu Ng'wandu. Ni wakulima wa pamba kama sisi. Mnajua wenyewe mambo yalivyo tangu soko liwe huria: mwaka huu wanunuzi wanagombania pamba yako na mizani mikononi, mwaka kesho huoni hata vumbi la gari. Msimu uliopita pamba yao ililala ndani mpaka panya wakazaa humo. Ng'wandu akachoka. Akauza ng'ombe wake wa kulimia, wote wanne, akanunua boti ya faiba iliyoachwa na mradi kwenye bwawa kule Sola.

Sasa, Jumamosi karani wa tajiri wa samaki angefika Kalemela kuandika boti zitakazoletewa barafu na nyavu. Boti iwe majini, aione kwa macho yake, na saa nane mchana anafunga daftari. Ukikosa, subiri mwakani. Na Ng'wandu mwakani angelima na nini? Basi tulichokuwa tunavuta ni hicho, ng'ombe wanne waliogeuka boti.

Sola: nilivyoihurumia shingo ya gari

Alhamisi asubuhi tuliikuta boti imekaa juu ya tela lake pembeni ya bwawa, kuku wametaga ndani. Nyeupe, ndefu kuliko Landrova langu, tumbo laini kama yai. Mimi ni mtoto wa kuchunga. Chombo kikubwa cha maji nilichokuwa nakijua ni pipa la kunyweshea ndama. Niliizunguka boti ile mara tatu, kofia mkononi.

"Shemeji, unaaga maiti?" Ng'wandu akaniuliza.

"Naisalimia. Huyu ni mtu mkubwa."

Tukaanza kupakia, na hapa ndipo ufundi wangu ulipoingia. Ukipakia mkokoteni wa ng'ombe, mzigo unausogeza nyuma ya magurudumu kidogo, ili nira isiwalemee shingoni. Hilo Msukuma hafundishwi shule, ndiyo maana mimi nalijua vizuri. Basi nikalihurumia Landrova kama ninavyohurumia ng'ombe. Mashine ya boti, nyuma. Magunia mawili ya mahindi, nyuma. Gunia la michembe, viazi vikavu vya dada, nyuma kabisa. Nilipomaliza nikaushika ulimi wa tela, kile chuma kirefu cha mbele kinachofungwa kwenye gari, nikauinua kwa kidole kimoja.

"Umeona? Kidole kimoja! Gari halitajua kama limebeba kitu."

"Shemeji, ng'ombe wangu wangekupenda sana," Ng'wandu akasema. Halafu akakumbuka hana ng'ombe.

Pini ya kufungia tela kwenye gari ilikuwa imepotea. Nikachomeka pini ya plau, nikaizungushia mpira wa tyubu. Mnyororo wa tahadhari? Mkokoteni hauna mnyororo. Taa za nyuma? Mkokoteni hauna taa. Kibao cha namba cha tela kilikuwepo, ila kilikuwa chini ya magunia kinapumzika. Boti yenyewe tuliifunga kwa kamba za ngozi, zile za kufungia ng'ombe mkorofi. Nikapiga honi, tukaondoka kama watu wenye akili.

Mtoni: ng'ombe wa watu

Daraja lilikuwa na ubao uliovunjika, ikabidi tushuke mtoni kwenye mchanga. Mto ulikuwa mkavu, wa kuchimba visima. Katikati Landrova likazama mpaka ekseli. Nikatoa gia zote nilizonazo na nyingine sina. Wapi.

Wakaja watu na jozi mbili za ng'ombe waliokuwa wanatoka kulima.

"Mwadila!" mwenye ng'ombe akatusalimia.

"Mwadila, bhabha."

"Hiyo mnaipeleka wapi?"

"Kalemela, ziwani."

"Ahaa. Ndiyo mmeipitisha kwanza kwenye mto usio na maji, ijizoeze?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Lakini walifunga ng'ombe wao mbele ya gari. Mwenye ng'ombe akanyanyua fimbo, Ng'wandu akamwomba aiache. Akaenda mbele, akamshika pembe yule ng'ombe kiongozi, akamnong'oneza Kisukuma, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Jamani, wale ng'ombe waliinama, wakatoa gari, tela, boti na mimi nikiwa nimeshika usukani wa bure. Sijawahi kuona. Nimekaa na ng'ombe maisha yangu yote na siku ile niliwaona upya.

Ng'wandu alibaki na mkono juu ya shingo ya yule kiongozi, hauondoi.

"Bhabha," mwenyewe akamwambia, "ng'ombe huyo ni wangu. Niachie niende nyumbani."

Watu wakacheka. Ng'wandu hakucheka.

Tuliwagawia michembe, nao wakatupa kibuyu cha maziwa mgando kilichozibwa kwa gunzi. Na palepale bibi mmoja mwenye kikapu cha kuku akaomba lifti mpaka Bariadi, binti yake amejifungua. Nikamwambia apande mbele, nafasi ipo.

"Gari nimeshapanda," akasema. "Hicho ndicho sijapanda." Akaonyesha boti.

Ningefanyaje? Nilimbeba mwenyewe nikamkalisha kule mbele ya boti na kikapu chake, akakaa wima kama mke wa mtemi. Kila tulipopita watu walisimamisha majembe wanatazama. Nikaona fahari kama vile boti nimeitengeneza mimi.

Bariadi: palipo pamba pana kina

Karibu na mji tela likaanza kutikisa mkia. Kulia, kushoto, kulia. Kila nikiongeza mwendo linazidi. Nilipopunguza kupisha mbuzi, bibi akapiga kelele.

"Ng'wanawane! Boti yako inacheza!"

"Inafurahi kukupakia, mayu!"

"Nishushe."

"Tumefika, mayu, kilima hiki tu."

"Mwanangu, tumbo langu limebaki kule mtoni. Nishushe hapa."

Nikamshusha, nacheka. Akaondoka bila kugeuka, kuku wake kwapani, kikapu akakisahau ndani ya boti. Nikatafuna karanga, nikaachia gari lishuke.

Mnakijua kile kilima, na mnajua chini yake kuna uwanja wa kununulia pamba. Katikati ya mteremko tela likapiga mkia mara tatu za nguvu, nikasikia mlio kama mfupa unavunjika, halafu gari likawa jepesi. Nikafurahi. Kweli nawaambia, nilifurahi.

"Shemeji," Ng'wandu akasema. "Boti."

"Inakuja."

"Haiji. Imekwenda."

Ilitupita kwa kulia. Ulimi wa tela unachimba vumbi, boti juu yake imeinua pua, inakwenda kwa heshima kama inajua njia. Ikaacha barabara, ikaingia uwanjani. Karani wa mzani akaruka upande mmoja, wakulima upande mwingine, na boti ikaingia kwenye lundo la pamba kubwa kama nyumba. Pamba ikapanda juu, ikatulia hewani, halafu ikaanza kushuka polepole juu ya boti, juu ya vichwa vya watu, juu ya Landrova langu lililokuwa limesimama katikati ya barabara milango wazi. Nyeupe juu ya nyeupe. Sijui mbinguni pakoje, ila kama pana pamba, niliona kidogo.

Halafu watu wote wakaanza kusema kwa pamoja.

Trafiki alikuwa mwanamke, sajenti, mwembamba, kofia imenyooka. Alikuja kwa miguu bila haraka, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Dereva nani?"

"Mimi, afande."

"Zima gari."

"Limeshazimika lenyewe, afande. Limeona aibu."

Hakucheka. Akazunguka tela. Akaokota mpira wa tyubu uliokatika. Akauliza mnyororo, taa, namba, na kila alipouliza mimi nilikuwa na jibu moja, kwamba mkokoteni hauna. Mwishowe akapanda juu ya lundo akachungulia ndani ya boti.

"Ndani alikuwa nani?"

"Hakuna mtu, afande."

"Unyoya huu wa kuku ni wa nani?"

Nikapanda na mimi. Gunia la mahindi lilikuwa limeteleza kutoka nyuma mpaka mbele. Lilikuwa limekaa palepale alipokuwa amekaa bibi. Chini yake kikapu kilikuwa kimelala bapa kama chapati.

Nikakaa kwenye pamba.

"Kaa," afande akasema, sauti imeshuka. "Ukimaliza kukaa ndiyo tuongee sheria."

Ijumaa: mzani

Jioni ile yote na nusu ya Ijumaa, mimi na Ng'wandu tulichambua pamba. Iliyoguswa na grisi tuliitoa uzi kwa uzi, karani wa mzani amesimama nyuma yetu. Alikuwa na haki. Mji mzima ulipita kututazama. "Nahodha, leo bahari imechafuka?" "Nahodha, umevua nini?" Nikawaambia nimevua trafiki.

Mihayo naye alikuja, yule rafiki yetu wa mashine ya kusaga, ambaye mwili wake na mashine yake ukivipanga gizani huwezi kujua uanze kuwasha kipi. Alicheka mpaka akakaa chini, na akikaa Mihayo kuinuka ni shughuli. Lakini aliposikia afande anadai mnyororo, alikwenda akavua ule wa mlango wa mashine yake, akauleta begani.

"Mlango utafungwa na nini?" nikamuuliza.

"Nitaegemea mimi."

Afande alikuja saa nne. Alisema tela halitoki mpaka liwe halali, na mimi hesabu yangu ilikuwa Jumamosi saa nane. Nikamwambia habari yote, ng'ombe wanne, karani wa samaki, dada. Nilidhani atalainika. Akanijibu: "Basi ndiyo sababu zaidi ya kufika nayo nzima."

Kumbe amezaliwa Ukerewe. Akasema alijua kukaa kwenye boti kabla hajajua kukaa kwenye kigoda. Akaomba ule mzani wa kuning'iniza wa pamba, akaufunga kwenye mti wa uwanja, akaning'iniza ulimi wa tela langu kama gunia, mzigo wote ukiwa kama nilivyoupanga Sola. Sindano haikusogea. Ulimi ulikuwa unataka kupaa.

"Kidole kimoja," nikasema kwa sauti ndogo.

"Nani alikufundisha kupakia hivi?"

"Ng'ombe, afande."

Hapo akacheka, mara moja tu, akaacha. "Sikiliza, dereva. Ng'ombe anachoka shingo. Gari halichoki shingo. Gari linataka kulaliwa kidogo, ndipo linamjua aliye nyuma. Ukilinyima uzito mbele, nyuma inakuwa bwana, inakupeleka inakotaka."

Tukahamisha. Mashine ya boti ikaingia ndani ya Landrova. Magunia yakasogea mbele ya magurudumu, yakafungwa yasiteleze. Kila tukisogeza, afande anatazama sindano, anasema bado, bado, mpaka ikashuka akasema hapo. Wakulima wakasimama kama wanapimiwa wao. Mzani ule wanaujua kwa mabishano tu, na leo ulikuwa unafundisha.

Fundi mmoja wa hapo mjini akafunga taa mbili nyuma, akachonga pini mpya yenye kifungo. Mnyororo wa Mihayo ukapita chini ya ulimi, ukafungwa kwenye gari, umelegea kiasi cha kukata kona. Kibao cha namba kikatoka usingizini. Juu ya kamba za ngozi tukaongeza kamba ya katani. Boti ilikuwa inatokeza nyuma, afande akataka kitambaa chekundu. Chekundu nilichokuwa nacho ni bukta yangu ya mpira. Ndiyo hiyo mnayoisikia.

Mwisho akaonyesha tundu dogo chini kabisa nyuma ya boti, lenye kizibo cha mpira. Akasema ukiwa barabarani kizibo kitoe, mvua ikinyesha maji yatoke, maana maji yakijaa ni uzito unaotembea. "Na ukiweke mahali utakapokiona." Gunzi la kibuyu lilikuwa limeshaharibika, maziwa yanamwagika. Nikajaribu kizibo kwenye kibuyu. Kikakaa kama kilizaliwa hapo. Nikajisifu moyoni, kila nikitaka kunywa nitakiona.

Tulipokuwa tunamaliza bibi akaja kufuata kikapu chake. Nilimwonyesha. Akakishika, akakitazama kilivyokuwa bapa, akalitazama na gunia. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Wabeja, asante, ng'wanawane," akasema, "kwa kunishusha."

Nikalirudia fundo la kamba ya lile gunia, nikalikaza tena.

Njia ya Lamadi: shuka, uguse

Taa zetu za nyuma zilikuwa mpya, lakini afande alisema hatuondoki gizani. Jumamosi kulipopambazuka alikuja kutuona. Akatoa amri moja: kila kijiji, shuka, uguse. Gusa mnyororo, gusa pini, gusa kamba, weka kiganja kwenye kikombe cha gurudumu, pale katikati, kikikuunguza pumzika.

"Mwangaluka, afande," nikamsalimia.

"Mwangaluka. Na mtu asipande humo ndani. Hata mke wa mtemi." Sijui nani alimwambia.

Nawaambia, gari lilikuwa jingine. Tela lilitulia nyuma kama ndama anayemfuata mama yake. Nikawa mwoga wa mwendo, baiskeli moja ikatupita na dereva wake akatuangalia kwa huruma. Sawa. Kila kijiji nilishuka nikagusa. Watu wakauliza kama naliombea.

Baada ya kijiji cha tatu mvua ikatupiga, ile ya ghafla, nzito. Iliponyamaza nikashuka kugusa. Zile kamba za ngozi zilikuwa zimeloa zimelegea kama utumbo. Nimefunga ng'ombe kwa ngozi miaka yote na najua ngozi ikiloa inalegea, sema sikuwaza kwamba boti nayo hunyeshewa. Katani ndiyo iliyokuwa inashikilia peke yake. Na chini, kwenye lile tundu, maji ya mvua yalikuwa yanatoka mfululizo. Tulikaza kamba upya.

"Yule mama," Ng'wandu akasema, "ningekuwa na ng'ombe ningempa."

Mbele kidogo, kule ambako mbuga inakaribia barabara, tulikuta pundamilia wamesimama pembeni. Gari wamelizoea, hawageuki. Lakini boti ilipopita waligeuza vichwa vyote, mmoja baada ya mwingine, wakaifuata kwa macho mpaka tukapotea. Nikatoa mkono dirishani nikawapungia. Tulikuwa tunashangaa wote.

Karibu na Lamadi nikaona kitu mbele, cheupe, kimelala chini, kimefika mwisho wa macho. Nikadhani ni mbuga yenye chumvi.

"Ndilo hilo," Ng'wandu akasema.

Nikasimamisha gari. Si kwa sababu ya kugusa.

"Ng'ambo iko wapi?"

"Kutoka hapa huioni."

"Sasa aliyeko upande wa pili ananywesha wapi ng'ombe wake?"

"Hapohapo."

"Maji haya haya?"

"Haya haya, shemeji."

Nilikaa kwenye usukani nikafikiria ng'ombe wote ninaowajua, wa Sola, wa Shishiyu, wa Bariadi, wanashuka wanakunywa kwa pamoja, na maji hayapungui hata kiganja. Ng'wandu akanigusa bega. Ilikuwa imeshapita saa tano.

Kalemela: kidole

Dada Kabula alitupokea njiani anapiga vigelegele. Alinikumbatia, akanipokonya kibuyu, akakipeleka nyumbani, maana mgeni habebi kitu. Mimi nikaendelea na gari mpaka ufukweni, nimefurahi, sijui kilichopelekwa nyumbani.

Karani wa samaki alikuwa amekaa kwenye kreti na daftari, saa mkononi. Boti nyingine zilikuwa majini zimejipanga. Yetu ilikuwa bado iko barabarani kimawazo, maana sasa ilitakiwa nirudishe tela kinyumenyume mpaka kwenye maji.

Jamani, ng'ombe harudi nyuma. Mkokoteni unauzungusha, hauurudishi. Nilikata usukani kulia, tela likaenda kushoto. Nikakata kushoto, likaniangalia usoni. Mara ya nne nikawa nimeelekea nyumbani kwa watu. Wavuvi walikuwa wamelala mchangani kwa kucheka.

"Dakika kumi na tano," karani akasema.

Nikazima gari. Nikaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, nikafungua tela, nikasema, "Ndugu zangu, nimeshindwa. Nisaidieni." Wakainuka wote, bado wanacheka, wakashusha magunia, wakafungua kamba, wakaligeuza tela kwa mikono kama kiberiti, wakalishusha. Boti ikateleza, ikagusa ziwa, ikainuka. Ilielea! Kitu nilichokiona juu ya pamba sasa kilikuwa kinapumua. Nikaruka ndani na viatu.

Miguu ikapata baridi. Nikaangalia chini. Maji yalikuwa yanachemka kutoka kwenye lile tundu.

"Dada!" nikapiga kelele. "Kibuyu! Kizibo kiko kwenye kibuyu!"

Kabula alikuwa ameshatufuata ufukweni, hakuuliza. Alipandisha khanga akakimbia. Sijamwona dada yangu akikimbia vile tangu tukiwa wadogo tunafukuzwa na fahali. Mimi nikalala chali kwenye maji ndani ya boti, nikaingiza dole gumba kwenye tundu. Likaenea.

"Sogezeni nje kidogo," karani akasema, "niione inavyoelea." Na mwenyewe akapanda! Ng'wandu naye akaingia, akapiga kasia, uso umekauka. Kumbukeni mimi siogelei.

Basi safari yangu ya kwanza majini niliifanya chali, naona mbingu tu. Lakini ziwa nililisikia. Lilikuwa linanisukuma kidole. Si kwa hasira. Polepole, bila kuacha, baridi, kama mnyama mkubwa anayekunusa kujua wewe ni nani. Ziwa zima lile lisilo na ng'ambo lilikuwa upande wa pili wa kidole changu, na mimi na ng'ombe wanne wa Ng'wandu tulikuwa upande huu. Sikuthubutu kupumua vibaya.

"Huyu aliyelala ni mgonjwa?" karani akauliza.

Ng'wandu akainamia kasia. Nikaona uongo wowote utatuzamisha haraka kuliko tundu.

"Mimi ni kizibo, bwana," nikasema. "Chenyewe kiko nyumbani kwenye kibuyu cha maziwa. Kinakuja."

Karani akainama, akanitazama, akatazama mkono wangu. Akatazama maji kama yanaongezeka. Hayakuwa yanaongezeka. Akafungua daftari juu ya goti.

"Boti nimeandika," akasema. "Wewe sikuandiki. Wewe ni kifaa cha muda."

Kabula alikuwa ameshaingia majini mpaka kifuani, kizibo mkononi, kinanuka maziwa. Tulipobadilishana, nikainuka kukaa, na ndipo nikaliona ziwa kutoka ndani yake, pande zote. Dada akashika ukingo wa boti, akauegemeza uso hapo. Ng'wandu akaweka mkono juu ya pua ya boti, kama alivyomwekea yule ng'ombe wa watu, na safari hii hakuna aliyemwambia aachie.

Mihayo

Nimerudi Jumanne na Landrova tupu. Kitu cha kwanza nilimpelekea Mihayo mnyororo wake, nikamsimulia yote haya, akiwa bado ameegemea mlango wa mashine. Nilisubiri acheke. Aliuchukua ule mnyororo, akaugeuza pete moja moja, akaunusa. Bado ulikuwa na mchanga wa kule.

"Mnyororo wangu," akasema, "umeliona ziwa kabla yangu." Akauweka begani. "Ukienda tena nichukue. Nitakaa mbele."